Somo Lisilomlenga: Mtoto Mchanga na Wakubwa Zake katika Nyumba Inayofundisha



Nimekuja kuzungumza juu ya mwanafunzi ambaye jina lake halimo katika daftari lolote la mahudhurio. Katika nyumba ambako wazazi wanawasomesha watoto wao wenyewe, asubuhi utamkuta mezani mkubwa wa miaka tisa na hesabu zake za kugawanya, wa kati wa miaka sita na silabi zake, na chini ya meza, au mgongoni mwa mama, yuko wa mwaka mmoja. Ratiba imewataja wawili wa kwanza. Huyu wa tatu huulizwa habari zake kwa namna moja tu: tumpe nini atulie ili wenzake wasome? Mimi nasema huyo ndiye anayevuna kuliko wote pale mezani, na kinachomfaa ni somo ambalo halikuandaliwa kwa ajili yake.

Nyumba moja ya namna hiyo habari zake zimehifadhiwa vizuri. Iko Salzburg, Mtaa wa Getreidegasse, namba 9. Leopold Mozart, mpiga fidla wa Askofu Mkuu na mwandishi wa kitabu cha kufundishia fidla kilichotoka 1756, alijaliwa watoto saba, wakapona wawili: Maria Anna, aliyeitwa Nannerl, wa 1751, na Wolfgang, wa 1756. Hawakupelekwa shule. Baba aliwafundisha mwenyewe. Nannerl alipofika miaka saba hivi alianza kufundishwa kinanda, na mwaka 1759 baba akamwandalia daftari la vipande vya kujifunzia. Wolfgang alikuwa na miaka mitatu, na hakuna aliyempangia somo. Dada yake alisimulia mwaka 1792, mdogo wake akiwa amekwisha kufariki, jinsi kitoto kile kilivyokuwa kikikiendea kinanda chenyewe, kikatafuta sauti mbili zinazopatana, na kufurahi kikizipata. Kisha katika daftari hilo hilo la dada, baba akaandika kwa mkono wake kwamba kipande fulani Wolfgang alikijua tarehe 24 Januari 1761, siku tatu kabla hajatimiza miaka mitano, kati ya saa tatu na saa tatu na nusu usiku. Hata tungo zake za kwanza kabisa ziliandikwa humo, katika kurasa za daftari la mwingine.

Mtasema, huyo alikuwa Mozart. Ni kweli, na kipaji kile hatukigawi kwa kuwakalisha watoto karibu na kinanda. Lakini njia aliyoingilia ni ya kila mtoto mwenye mkubwa wake. Mwaka 1993 Elizabeth Hanna na Andrew Meltzoff walichapisha majaribio yao nchini Marekani. Walimfundisha mtoto wa miezi 14 namna ya kutumia vitu fulani vya kuchezea, kisha wakawaacha watoto wa rika lake wamtazame tu, bila kugusa. Siku mbili baadaye, wakiwa nyumbani kwao, mahali tofauti kabisa, watazamaji wale waliyatenda yale waliyoyaona. Kama mtoto wa miezi 14 anajifunza hivyo kwa mwenzake asiyemjua sana, basi fikirini anachokipata kwa dada anayemwona kutwa nzima.

Lugha nayo ina lake. Yuriko Oshima-Takane na wenzake huko Montreal walionyesha mwaka 1996 kwamba watoto wa pili katika familia hutumia vizuri zaidi maneno ya “mimi” na “wewe” kuliko vifungua mimba wa umri uleule. Sababu inaeleweka. Kifungua mimba akiwa peke yake na mama husikia “wewe” ikimwelekea yeye tu, hata anaweza kudhani ni jina lake. Mdogo anamsikia mama akimwita kaka “wewe”, kaka akamrudishia mama “wewe”, naye pembeni anagundua kwamba neno hilo linamfuata anayesemeshwa. Maelezo ya mama peke yake yasingemfikisha hapo; ilibidi awasikilize watu wawili wasiokuwa wakiongea naye.

Hapa ndipo ninapowaangalia wazazi wanaosomesha nyumbani. Maricela Correa-Chávez na Barbara Rogoff walifanya utafiti, uliotoka 2009, na ndugu wa familia za Wamaya wa Guatemala na za Wamarekani wenye asili ya Ulaya. Mtoto mmoja alifundishwa kutengeneza kichezeo huku ndugu yake akisubiri kando. Watoto wa Kimaya ambao mama zao hawakusoma shule sana walilifuatilia kwa makini zaidi kuliko wengine somo lisilowahusu, na baadaye walihitaji msaada mdogo zaidi kutengeneza kichezeo kile. Mimi nasoma hapo onyo: darasa linaweza kumzoesha mtoto kungoja aitwe jina ndipo asikilize. Nyumba inayofundisha ina nafasi ya kuuhifadhi ule usikivu wa awali, mradi mzazi asiigeuze sebule kuwa darasa dogo ambamo anayetambaa hufukuzwa. Nyumba nyingi za kwetu zilionja jambo hili bila kupenda. Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengine hayakurudi hadi Januari 2021. Miezi yote hiyo kuna wachanga waliokaa katikati ya vitabu vya wakubwa wao.

Lakini anayebeba kazi ya kumshughulikia mdogo ni nani? Watafiti Robert na Barbara LeVine walipokaa Nyansongo, kwa Wagusii wa Kenya, kati ya 1955 na 1957, walikuta mtoto mchanga akilelewa na mtoto mkubwa kidogo, mara nyingi msichana, wakati mama yuko shambani. Miaka mingi baadaye, Pamela Jakiela na wenzake walifanya utafiti vijijini magharibi mwa Kenya. Wakaona kwamba mdogo mwenye dada mkubwa anajua maneno mengi zaidi, na mikono yake ni mahiri zaidi, kuliko mdogo ambaye mkubwa wake ni kaka, kwa sababu dada hucheza na kuzungumza naye zaidi. Nilifurahi kuyasoma matokeo hayo, kisha nikaingiwa na wasiwasi, kwa kuwa najua ni rahisi sana kumpongeza msichana kwa mzigo badala ya kumpunguzia.

Nannerl anatuonyesha hatari hiyo. Katika ziara kubwa ya 1763 hadi 1766 alisifiwa katika miji ya Ulaya sawa na mdogo wake. Desemba 1769 baba na Wolfgang waliondoka kwenda Italia. Yeye, akiwa na miaka 18, akabaki Salzburg na mama. Mwaka uliofuata Wolfgang alimwandikia akiusifu wimbo ambao dada yake aliutunga. Hakuna utungo wa Nannerl hata mmoja uliotufikia.

Kwa hiyo ninawaomba wazazi mambo mawili, na ninayaomba kwa uzito. Dada mkubwa awe na saa yake kila siku, mlango umefungwa, mdogo hayupo, somo ni la kumpeleka yeye mbele. Na saa hiyo mdogo ashikwe na kaka. Carol Ember alifanya utafiti kwa Wajaluo wa Kenya, akauchapisha 1973, juu ya wavulana waliopewa kazi za nyumbani, pamoja na kulea wadogo, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na msichana wa umri wa kuzifanya. Wavulana hao walikuwa na ukali mdogo kwa wenzao kuliko wavulana wengine. Mvulana wa miaka tisa aliyemaliza hesabu zake anaweza kumketisha mdogo wake mapajani, akamsomea kitabu kwa sauti, akamwacha ageuze kurasa.