Hotuba ya Kamati Siku ya Wakimbizi Duniani: Rekodi ya Vijana na Michango ya Mitandaoni



Leo tunataka kusema juu ya ombi la vijana wetu. Wanataka kupiga danadana kwa zamu, usiku na mchana, wavunje rekodi, na watangaze kwa mitandao ya kijamii ili yapatikane madawati ya shule.

Wazee wengine wamecheka. Sisi hatukucheka. Mwaka 2020, wakati wa Korona, Kapteni Tom Moore wa Uingereza alizunguka bustani yake mara 100 kabla ya kutimiza miaka 100, akisukuma kigari cha kutembelea. (Huyo alipigana Burma, walikopigana pia askari wa KAR, babu za watu wa huku.) Aliomba pauni 1,000 tu kwa ajili ya misaada ya hospitali. Habari zikapita simu kwa simu, redio na televisheni zikazidaka, watu zaidi ya milioni moja wakachanga. Zikapatikana pauni zaidi ya milioni 32, na Guinness wakaiandika rekodi.

Lakini habari hiyo ina mkia. Fedha za matembezi zilifika zilikoahidiwa. Mfuko uliofunguliwa baadaye kwa jina lake ndio ulioleta maneno: mzee alifariki mwaka 2021, na ripoti ya serikali ya mwaka 2024 ikasema familia yake ilinufaika nao.

Hapa kwetu tunajua uchungu huo. Mgeni mmoja alipiga picha za watoto wetu wakiwa wamekaa chini darasani, akazirusha mitandaoni kuomba michango. Picha tuliziona. Fedha hatukuziona, hata daftari moja.

Kwa hiyo tunakubali, ila kwa masharti. Guinness wanataka maombi mapema, video na mashahidi wasio na upande. Walimu na wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba mtusaidie hapo. Sura na jina la mtoto visitolewe bila ruhusa ya mzazi, maana wako waliokimbia watu wanaowatafuta hadi leo. Laini ya simu ya kupokelea michango isiwe ya mtu mmoja. Hesabu zibandikwe ubaoni kila wiki, hata kama ni sifuri.

Kila zoni ilete majina mawili ya watunza daftari, mmoja awe mama, kabla ya Jumamosi.