Familia na Boti Ziwa Victoria

Wasikilizaji wetu wa Mwanza na kwingineko, shule zinakaribia kufungwa na wengi mnafikiria kuwapandisha watoto boti kwa mara ya kwanza. Anzeni na safari fupi. Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, kipo dakika chache tu kutoka mjini, na watoto watawaona swala na pimbi juu ya mawe. Kisiwa cha Rubondo, kilicho mbali zaidi, kinaweza kusubiri mwaka mwingine.

Kabla ya kulipa nauli, sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ziwa hili lina radi na dhoruba kali, hasa usiku hadi alfajiri, na mchana upepo huinua mawimbi. Kwa hiyo ondokeni asubuhi kukishapambazuka vizuri, mrudi mapema.

Jaketi okozi ndilo jambo ambalo sitachoka kulirudia. Kila mtoto avae linalomtosha mwili wake, lifungwe kamba zote kabla ya kukanyaga boti. La baba humchomoka mtoto akiingia majini. Na hesabuni abiria. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara mwaka 2018 kikiwa kimejaza kupita kiasi, tukapoteza watu zaidi ya 200.

Msiwaache watoto waogelee kwenye matete. Kuna kichocho, na mamba pia.

Mzazi, nahodha akiongeza abiria juu ya idadi inayoruhusiwa, shuka na wanao.