Aliyekuwepo Ahesabiwe: Kumkumbuka Mtoto wa Kuangaliwa Katika Familia za Mabogini

Mjamzito akihudhuria kliniki kwa mara ya kwanza, muuguzi humfungulia kadi namba 4 na kumuuliza maswali ambayo mtaani watu huyakwepa: umebeba mimba ngapi, umezaa mara ngapi, watoto walio hai ni wangapi. Pengo kati ya jibu la pili na la tatu ndilo linalozungumziwa katika mada hii. Kwenye kadi linajazwa upesi. Nyumbani linaweza kukaa miaka ishirini bila kutajwa.

Mtoto wa kuangaliwa anayekusudiwa hapa ni yule aliyeishi miaka miwili, sita au kumi na mmoja, nyumba nzima ikiamka na kulala kwa kusikiliza pumzi zake. Alikuwa na seli mundu, au mtindio wa ubongo, au mgongo wazi, au tundu kwenye moyo. Si wachache: kwa seli mundu pekee, makadirio yanayotumika nchini ni watoto 11,000 wanaozaliwa nayo kila mwaka.

Mabogini ni uwanda wa mpunga kusini mwa mji wa Moshi. Hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko upande wa pili, kaskazini, ardhi inapoanza kupanda kuelekea mlimani. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa kuangaliwa huuvuka mji mzima kila tarehe ya kliniki, mtoto mgongoni, faili kwenye mfuko wa plastiki. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, uliongeza mpunga, ukaongeza na mbu. Hata hivyo watafiti waliolinganisha vijiji vya ukanda huu walikuta malaria kidogo zaidi penye mpunga kuliko kwa majirani wasio na umwagiliaji. Sababu mojawapo waliyoitaja ni kwamba wenye fedha za mavuno walimudu vyandarua. Kwa mwenye seli mundu, ambaye homa moja ya malaria yaweza kumwondoa, chandarua hicho ni miaka ya kuishi.

Na katika miaka hiyo watu hujifunza mengi. Bibi anajua ni kilio kipi cha njaa na kipi cha maumivu. Dada anajua mtori upondwe laini kiasi gani ndipo mtoto aumeze bila kupaliwa. Baba amejifunza kukaza mikanda ya kiti maalumu au ya vifaa vya miguu, vya aina inayofundishwa kutengenezwa katika chuo cha TATCOT, pale pale KCMC, tangu mwaka 1981.

Kisha siku moja, baada ya mazishi, elimu yote hiyo inakosa kazi. Kiti kinagawiwa, nguo zinafungashwa, na majirani wenye nia njema wanasema: “Bora amepumzika.” Kauli hii inastahili kupingwa waziwazi. Humfanya mtoto aonekane mzigo uliotuliwa, na humnyima mama ruhusa ya kusema kwamba anammisi.

Mila ina sehemu yake. Desturi za Wachaga zilizoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20 ziliweka mazishi ya heshima kamili kwa mtu aliyeacha watoto. Aliyekufa mdogo hakuwa na nafasi hiyo. Leo mambo yamebadilika. Familia nyingi humzika mtoto kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, na Desemba, ukoo unaporudi mlimani kwa Krismasi, makaburi husafishwa na kusaliwa. Kwa jirani Mwislamu kuna hitima, na imani kwamba mtoto aliyetangulia huwaombea wazazi wake. Na kama alikuwa kifungua mimba, mama yake huendelea kuitwa kwa jina lake hadi uzeeni, mtaa mzima ukilitaja bila kujua unafanya ibada.

Taifa nalo limewahi kuonyesha njia. Maria na Consolata Mwakikuti, mapacha walioungana, walizaliwa Makete mwaka 1996, wakabaki yatima na kulelewa na masista wa Consolata. Walipofariki Iringa tarehe 2 Juni 2018, walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu waliotaka kuwa walimu. Walizikwa Tosamaganga katika jeneza moja. Watanzania waliowalilia walikumbuka vicheko vyao na ndoto ya ualimu.

Uganda walilifanya jambo hili la kukumbuka kwa kalamu. Miaka ya 1990 akina mama wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na VVU, walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ulizaliwa wapi, babu yako ni nani, ulipenda chakula gani. Kule mzazi ndiye aliyekuwa anaondoka. Mabogini daftari lile lile lingeandikwa kwa mkono wa anayebaki, na lianze mtoto akiwa hai, wakati dada bado anakumbuka wimbo gani ulimtuliza. Picha za kwenye simu hazitoshi. Simu huibwa, huuzwa, huanguka mtaroni. Ziende studio mjini zisafishwe.

Ukimya una hasara nyingine, ya kitabibu. Seli mundu hurithiwa: wazazi wote wawili wakiwa na kinasaba chake, kila mimba ina uwezekano wa robo. Ndugu ambaye hakuambiwa mdogo wake alikufa kwa nini ataoa bila kupima. Na mama aliyezaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji foliki asidi miligramu 4 au 5 kwa siku kabla ya mimba inayofuata, takriban mara kumi ya kipimo cha kawaida. Kuisubiri kliniki ya wajawazito ni kuchelewa, kwa sababu mfereji wa neva hufunga ndani ya wiki nne za kwanza, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Mazungumzo hayo yanatakiwa yawe yamefanyika nyumbani, mtoto wa kwanza akitajwa kwa jina.