Kamomili Katika Bustani ya Nyumbani

(Maelezo yaliyosomwa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Katika maduka makubwa ya mijini huuzwa siku hizi vipakiti vya kinywaji cha moto ambavyo ndani yake hamna chai, bali maua makavu, meupe na ya manjano. Mmea utoao maua hayo huitwa kamomili; Waarabu huuita babunaj. Mwanachama aishiye Lushoto, Njombe au Limuru anaponunua kipakiti hicho, mara nyingi ananunua kitu kilichosafiri kutoka Misri au Ulaya, ilhali baridi ya kwake yatosha kukiotesha nyuma ya jiko. Hiyo ni sababu moja ya kuizungumza kamomili. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Katika nyanda za juu za Tanzania na Kenya limo ua jingine linalofanana nayo sana, nalo ni pareto. Anayetafuta kamomili akachuma pareto hakuchuma kinywaji. Amechuma dawa ya kuulia wadudu.

Basi yafaa tofauti ielezwe kwanza. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja na alizeti, na yote ina maua yenye kitovu cha manjano na petali nyeupe. Lakini pareto huishi miaka kadhaa shambani, majani yake yana rangi ya kijivu, na bua lake refu hubeba ua moja pana, kiasi cha sentimeta 3 au zaidi. Kamomili ni ya msimu mmoja. Majani yake ni membamba kama nyuzi, membamba kuliko ya karoti, na ua lake halizidi sana sentimeta 2. Likikomaa, petali huinama chini na kitovu huinuka kama pia. Alama iliyo bora ni ya wembe: ua la kamomili likipasuliwa katikati kutoka juu hadi kikonyo, kitovu chake ni tupu ndani, cha pareto kimejaa. Tena kamomili ikifikichwa hunukia tufaha. Wagiriki wa kale waliipa jina lenye maana ya tufaha la ardhini, na Wahispania mpaka leo huiita manzanilla, yaani tufaha dogo. (Iko kamomili nyingine, ya Kirumi, fupi, itambaayo, na kitovu chake si tupu. Maelezo haya yahusu ile iitwayo ya Kijerumani tu, ambayo ndiyo inunuliwayo zaidi.)

Hata baada ya kuijua alama ya wembe, mbegu na inunuliwe kwa muuzaji anayejulikana, katika pakiti iliyofungwa, wala isiokotwe kando ya njia. Na kwa wanachama walimao pareto pana onyo jingine: kamomili isikaushwe kwenye vichanja vya pareto wala kutiwa katika magunia yaliyobeba pareto.

Ukulima wake si mgumu, ila una jambo moja linalowashinda wengi. Mbegu ya kamomili ni ndogo mithili ya vumbi, nayo huhitaji mwanga ili iote. Aliyezoea kufukia mbegu za mchicha na kutandaza nyasi nene juu ya kitalu atangoja bure, kisha atamlaumu muuzaji. Mbegu ichanganywe na mchanga mkavu, inyunyizwe juu ya udongo uliosawazishwa vizuri, igandamizwe kwa ubao, isifukiwe. Maji yamwagwe kwa matone madogo, kwani maji ya ndoo huikusanya mbegu yote pembeni. Baada ya wiki moja au mbili miche huonekana. Ikifika urefu wa sentimeta 5 huhamishwa na kupandwa umbali wa sentimeta 20 hivi, mahali penye jua. Samadi iwe kidogo sana, maana ikizidi mmea hunenepa majani na maua huwa machache. Palizi ya wiki za mwanzo ndiyo yenye thamani.

Maua ya kwanza hufunguka baada ya wiki 8 hadi 10. Kwa hiyo mkulima ahesabu nyuma kutoka majira ya kiangazi. Katika Nyanda za Juu Kusini mvua huisha mnamo Aprili au Mei. Mbegu iliyotiwa kitaluni mwishoni mwa Machi au Aprili hutoa maua Juni, wakati wa baridi na ukavu. Nchini Misri nako huvunwa katika majira ya baridi. Mwambao, kwenye joto la Tanga au Mombasa, mmea huu huharakisha kuchanua ungali mdogo na kufa. Huko mchaichai ni kinywaji bora zaidi, na hapana haja ya kushindana na hewa.

Ua huchumwa petali zikiwa zimelala sawasawa, umande ukiwa umekauka, na mkulima hurudi kila baada ya siku chache. Kuchuma ndiko kunakokula siku. Maua hutandazwa tabaka jembamba kivulini penye upepo, kamwe si juani, kwa sababu jua kali huyafukuza mafuta yenye harufu. Kilo 5 za maua mabichi hubaki takriban kilo 1. Yakishakauka kiasi cha kuvunjika vidoleni, yawekwe katika chupa ya kioo au kopo lenye kifuniko, mbali na mwanga, nayo yatafaa kwa mwaka mmoja.

Kikombe kimoja chahitaji gramu 2 hivi, yaani vijiko viwili vidogo, na maji yaliyochemka, kisha kifunikwe dakika 5 hadi 10. Kifuniko si pambo. Mafuta ya ua huruka pamoja na mvuke. Mtu mmoja anywaye kikombe kila jioni humaliza gramu 730 kwa mwaka, ambazo zilikuwa zaidi ya kilo 3 na nusu za maua mabichi. Anayedhani mashina matatu yatatosha nyumba nzima na apige hesabu tena.

Faida yake nayo isitiwe chumvi. Kamomili imo katika juzuu la kwanza la kitabu cha mimea ya dawa kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1999, na kwa desturi ya muda mrefu hutumika kutuliza tumbo lililojaa gesi na kumsaidia mtu kupumzika. Haitibu malaria. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku ile ile, na aliye chini ya miezi sita asipewe kinywaji hiki wala kingine ila maziwa ya mama. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande amwulize daktari kwanza. Anayewashwa au kupiga chafya akishika pareto au alizeti huenda akadhurika na kamomili vilevile. Macho yasioshwe kwa maji yake.

Kuhusu biashara, makatibu wataulizwa, na jibu la haki ni la tahadhari. Misri hulima kamomili kwa wingi mkubwa na kuuza dunia nzima; si shindano la kuliingia kwa bustani za uani. Mnunuzi apitaye na mbegu na ahadi, bila mkataba wa maandishi wenye bei na kipimo cha ukavu, asisababishe mwanachama kung'oa mbuni hata mmoja. Chama kikiamua kujaribu, mizigo ipokelewe kila mmoja peke yake na kukaguliwa kabla ya kuchanganywa, maana gunia moja lenye unyevu huozesha ghala. Na bidhaa iliyofungwa kwa ajili ya kuliwa hupitia shirika la viwango la nchi husika.

Mashina machache yaachwe yakomae kwa ajili ya mbegu ya mwaka ujao. Katika vyama vilivyo kwenye eneo la pareto, katibu aweke mezani ofisini, msimu wa maua, ua moja la kila aina, yote mawili yamepasuliwa kwa wembe, na kila mwanachama ajaye kuulizia kamomili aonyeshwe kabla ya kupewa mbegu.