Mtoto wa Kampene ni Ghali kwa Nani?

Mama na baba, vijana, ndugu wote mnaotusikiliza hapa Kampene na popote katika teritwari ya Pangi: habari mmeisikia. Tarehe 1 Julai 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa rasmi. Waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Marco Rubio, aliandika kwamba tangu vita baridi viishe, shirika hilo halina mengi ya kuonyesha. Siku moja kabla yake, jarida la The Lancet lilichapisha hesabu ya wataalamu: misaada hiyo ikikatwa, watu zaidi ya milioni 14 ambao vinginevyo wasingekufa wanaweza kufa kufikia mwaka 2030, na kati yao watoto milioni nne na nusu hawatakuwa wametimiza miaka mitano. Mmesikia. Hatutarudia.

Linalotusumbua sisi ni linalofuata.

Juma moja, vipimo viwili. Mmoja amepima akasema fedha hazikuzaa kitu. Wengine wamepima wakasema fedha zilizuia vifo. Vyote viwili vimepigwa mbali na sisi. Na sasa kinakuja kipimo cha tatu, ambacho hakitasomwa katika habari za saa moja. Nacho ni kile kinachopigwa ndani ya mashirika yenyewe ya watoto. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilitoa karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya dharura katika nchi yetu, Kongo. UNICEF ilitangaza mwaka 2025 kwamba kwa mwaka 2026 ilitazamia kuwa na fedha pungufu kwa asilimia 20 au zaidi, ukilinganisha na mwaka 2024. Mashirika mengine ya watoto nayo yamepigwa. Basi kila moja limekaa na orodha yake mezani, kalamu mkononi: mradi gani ubaki, mradi gani ufutwe.

Na swali linaloulizwa mezani pale ni moja. Mtoto mmoja anatugharimu dola ngapi?

Wanachukua fedha za mradi, wanagawanya kwa hesabu ya watoto. Palipo na lami, jibu linakuwa dogo. Kampene, jibu linakuwa kubwa. Kwa nini? Barabara. Chanjo ni ileile, lakini kuifikisha hapa kutoka Kindu, mji mkuu wa jimbo letu la Maniema, ni pikipiki, ni petroli, ni kulala njiani mvua ikinyesha, ni kusukuma mashine kwenye matope, ni kumlipa kijana wa pikipiki bei ya hatari yake. Kisha friji ya chanjo inataka jua au mafuta. Yote hayo yanaandikwa kwenye daftari moja, chini ya jina la mtoto. Mtoto wetu hali chakula kingi kuliko mtoto wa Kinshasa, haugui malaria ya bei kali zaidi. Kinachokula fedha ni barabara. Lakini kwenye karatasi hakuna mstari wa barabara. Kuna mstari wa mtoto, na mtoto anaonekana ghali.

Dhahabu yetu haijawahi kuambiwa ni ghali kuifikia. Inatoka Kampene kila siku bila kungoja lami. Mtoto ndiye anayeambiwa asubiri.

Kuna kipimo kingine kinachopendwa sana na watu wanaotoa sadaka Ulaya na Marekani: katika kila dola mia, ngapi zimeliwa na ofisi, ngapi zimemfikia mtoto? Ni swali halali. Sisi wenyewe tumeona magari, tumeona semina, tumeona posho, na tuna haki ya kuuliza. Lakini angalieni swali hilo linaweza kufanya nini. Shirika linalotaka kuonekana safi litapunguza mkaguzi, litapunguza mtu wa kurudi kijijini baada ya mwaka kuangalia kama pampu ya maji bado inatoa maji, kwa sababu mshahara wa mtu huyo unahesabiwa kuwa wa ofisi. Litagawa madaftari, litapiga picha, litaondoka. Asilimia itakuwa nzuri. Pampu itakuwa imekufa.

Kupima kweli kunawezekana, na kumefanyika kwa majirani zetu. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, miaka ya 1990, shirika la Kiholanzi liitwalo ICS lilikubali kupimwa na wataalamu, mmoja wao Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili. Liligawa vitabu katika baadhi ya shule, shule nyingine zikasubiri, kisha matokeo ya mitihani yakalinganishwa. Kila mtu alitazamia vitabu vitainua darasa zima. Havikuinua. Viliwasaidia wale waliokuwa wa kwanza tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa pale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Walimu wetu wa Kampene, wanaofundisha mtoto wa Kirega kutoka kitabu cha Kifaransa, hawahitaji kuelezwa zaidi. Lakini dawa za minyoo, kidonge cha senti chache tu, zilipogawiwa katika shule 75 kwa zamu, utoro ulipungua kwa robo. Ripoti ya fedha peke yake isingeweza kuonyesha hayo. Vitabu vilinunuliwa, risiti zilikuwepo, vitabu vilifika. Mhasibu angetia sahihi.

Na si Kenya tu. Maniema yetu imekwisha kupimwa. Wengi mnaukumbuka mradi wa Tuungane, wa mashirika ya IRC na CARE, kwa fedha za Uingereza, tangu mwaka 2007. Ulifika katika vijiji 1,250, Kivu ya Kusini, Katanga na hapa Maniema. Vijiji vilichagua kamati, kamati zikapewa fedha, na mahali pengi watu walichagua jambo moja: shule. Madarasa. Wazazi wa nchi hii wakipewa fedha wanajenga darasa, na hilo liandikwe wazi mahali fulani. Kwa kuwa fedha hazikutosha vijiji vyote, kura ilipigwa, na baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia wakazunguka vijiji vilivyopata na vilivyokosa. Walifanya zaidi: waliweka dola 1,000 katika kila kijiji, kwa vijiji 560, bila masharti makubwa, wakaangalia fedha hizo zinaendaje, nani anaamua, nani anakula.

Ripoti ilitoka mwaka 2012. Majengo yalisimama. Watu walisema wameridhika. Lakini lile lililoahidiwa, kwamba mradi utabadilisha namna tunavyotawalana, namna mama anavyosikilizwa, namna shefu anavyotoa hesabu, halikuonekana. Vijiji vilivyopata mradi na vilivyokosa vilifanana.

Sasa niambieni. Ripoti hiyo ilihusu jimbo letu. Ni nani aliyesomewa barazani, kwa Kiswahili? Imeandikwa Kiingereza, imejadiliwa London na New York, imewafundisha watu wengi huko, na wale waliopimwa hawakuambiwa wamepata alama ngapi. Mwanafunzi anapewa buletini yake mwisho wa mwaka. Sisi tulifanya mtihani, buletini ikaenda kwa jirani.

Na pale watu wasiposomewa hesabu, wezi hupata nafasi. Mwaka 2020 mambo ya Kivu yalifichuka: shirika la Mercy Corps lilikuwa limegundua kwamba katika miezi michache tu limepoteza zaidi ya dola 600,000 katika mpango wa kusaidia haraka watu waliokimbia vita. Wafanyabiashara, viongozi wa mahali na wafanyakazi wa misaada walishirikiana: majina ya wakimbizi hewa yaliandikwa, fedha zikagawanywa. Fikirini kipimo cha dola kwa kila mtu kingesema nini pale. Ukiongeza majina hewa, mgawanyo unashuka, na mradi unaonekana wa bei nafuu! Kijiji chenye watoto wa uongo kinapendeza kwenye karatasi kuliko Kampene yenye watoto wa kweli na barabara mbovu.

Barabara. Tunairudia kwa sababu hata orodha ya kufuta na kubakiza itaandikwa na watu ambao barabara hiyo imewazuia kufika. Ofisi nyingi zilizotuangalia zilikuwa Goma, na Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025, kiwanja cha ndege kikafungwa. Atakayeamua sasa yuko mbali zaidi kuliko jana. Atafungua kompyuta, ataona namba yetu ni kubwa, atapiga mstari.

Hatusemi kila shirika ni zuri. Kuna miradi ambayo ikifa hakuna mtoto atakayejua. Ife. Fedha zake zipelekwe kwenye chanjo, kwenye chandarua, kwenye matibabu ya mtoto wa bwaki, yaani utapiamlo, mambo ambayo akina mama wa kituo cha afya wanaweza kukutajia kwa majina ya watoto waliopona. Lakini anayeamua kipi kife na kipi kiishi aje kuuliza hapa. Aulize muuguzi wa kituo ni watoto wangapi walilazwa na wangapi walirudi nyumbani. Amuulize mwalimu ni wangapi walioanza darasa la kwanza na wangapi wamefika la sita, na wangapi wako kwenye mashimo ya dhahabu wakati huu tunapoongea. Na gharama ya barabara aiandike kwenye mstari wake peke yake, mbali na mtoto, ili serikali ya jimbo kule Kindu na serikali ya Kinshasa zione deni lao limekaa wapi.

Na sisi? Tutakaa tunangoja tena? Tutapokea madaftari, tutapiga makofi, tutaimba wimbo wa kukaribisha wageni? Hapana, ndugu zangu! Kamati ya wazazi ina haki ya kuuliza. CODESA, kamati ya maendeleo ya eneo la afya, ina haki ya kuuliza. Akina reko, wahudumu wa afya wa kujitolea mnaozunguka nyumba kwa nyumba bila mshahara, ninyi ndio mnaojua watoto walioandikwa na watoto waliopo: semeni! Mashefu, mgeni akija na mradi, msitie sahihi kabla bajeti haijasomwa kwa Kiswahili mbele ya watu, dola kwa dola: hii ya mtoto, hii ya ofisi, hii ya barabara. Mkuu wa shirika akisema karatasi iko Kindu, mwambieni tutangoja iletwe. Na mradi ukifungwa, msikubali gari liondoke bila mkutano. Waeleze walipima nini, walipata nini, kwa nini wanatuacha.

Jumamosi hii, baada ya salongo, kazi yetu ya pamoja, kila kamati ya shule ikae chini iandike karatasi moja: shirika gani limepita hapa, mwaka gani, lilisema litafanya nini, na leo kuna nini. Mwenye kumbukumbu aseme tarehe, mwenye picha alete. Karatasi hizo zileteni hapa redioni. Tutazisoma zote, kijiji kwa kijiji, kwa saa hii hii ya maoni, na mashirika yanayotajwa yataitwa kujibu kwenye maikrofoni hii.