Kukataa Kisasi si Kuacha Haki



Usiku wa manane, tarehe 12 Juni 1963, mjini Jackson, katika jimbo la Mississippi, Marekani, Medgar Evers alipigwa risasi mgongoni mbele ya nyumba yake. Alikuwa akiwahimiza watu weusi wenzake kudai kura na usawa. Ujanani alivutiwa na vita vya Mau Mau, hata mwanawe wa kwanza akampa jina la Kenyatta. Lakini mwishowe aliikataa njia ya kumwaga damu.

Mwaka 1964 Mzungu aitwaye Byron De La Beckwith alishtakiwa mara mbili. Mara zote mbili waamuzi, wanaume Wazungu watupu, hawakuafikiana, naye akaachiwa.

Mjane, Myrlie, alikiri kwamba moyo wake ulijaa chuki. Hata hivyo hakutafuta bunduki. Alitunza nakala ya mwenendo wa kesi. Na ile ya mahakama ilipopotea, yake ndiyo iliyosaidia kuifufua kesi. Tarehe 5 Februari 1994, baada ya miaka 30, muuaji alitiwa hatiani, akafungwa maisha.

Mtume Paulo anatukataza kujilipiza kisasi. Lakini yeye mwenyewe, alipoonewa, alikata rufani kwa Kaisari. Basi, anayedhulumiwa miongoni mwetu asishike panga, wala asinyamaze. Aandike, atunze hati, awakumbuke mashahidi. Nasi tusimame naye, hata kesi ikichukua miaka.