Mbuzi Anayepukutika Manyoya: Tazama Anachokula



Mbuzi akipukutika manyoya, wengi wetu tunakimbilia dawa ya upele. Kwanza mwangalieni. Mwenye upele hujikuna, na ngozi hufanya magamba. Kama hajikuni, ngozi ni safi, na manyoya yanatoka kwa mafungu ukiyavuta, basi tazameni anachokula. Huenda ni mlusina mtupu.

Manyoya na kwato vimejengwa kwa protini moja ngumu, keratini, inayotaka amino asidi zenye salfa. Nyasi kavu za Januari na Februari hazina protini ya kutosha, ndiyo maana huku maweni, Paje mpaka Makunduchi, mlusina unaobaki kijani ni msaada mkubwa. Lakini una amino asidi yake, mimosini, nayo huzuia manyoya kuota. Mbuzi wa Hawaii waliula bila kudhurika kwa sababu tumboni mwao mna bakteria wanaoivunja. Miaka ya 1980 watafiti wa Australia waliwachukua bakteria hao wakawapa mifugo yao.

Sisi tupime tu: mlusina usizidi theluthi moja ya malisho ya siku, na mwenye mimba apewe chini ya hapo. Penginepo wekeni nyasi, majani ya viazi vitamu, na mashudu ya nazi mkiyapata.

Mkiupunguza, manyoya huota tena. Kwato hukawia miezi. Na kwato za mbuzi wa bandani, asiyetembea juu ya mawe, ni za kukatwa kwa kisu. Hakuna jani litakalozifupisha.